Ufunguo wa Pili

Ujiji, 3 Februari 2024

Shangazi Verediana,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima na mguu wako umepungua uvimbe. Sisi hapa wote salama. Recho anakusalimu sana, na mtoto ameota meno mawili ya chini ambayo anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Mama Jovita, yule wa dagaa, ameapa kwamba ataifikisha barua mkononi mwako na si kwa jirani. Ulishanikataza meseji, ukasema meseji ni za kuombana vocha, na simu inataka masikio ambayo wewe uliyaacha kiwandani. Kwa hiyo nimenunua daftari.

Nianze na kuomba radhi. Krismasi niliahidi kuja, sikuja. Mwaka Mpya hivyo hivyo. Ilagala si ng'ambo, nikiondoka asubuhi mchana nakula ugali wako, lakini likizo yangu iko kwenye karatasi tu. Nikitoka siku mbili anabaki mtu mmoja na kiwanda kizima. Enzi zako mlikuwa mafundi tisa. Mimi niliajiriwa miaka mitatu iliyopita tukiwa watano. Mmoja akastaafu, mmoja akaenda kwenye migodi ya Geita, wa tatu akaamka siku moja akasema anakwenda kulima, na kweli akaenda. Tumebaki mimi na Mzee Jeremia, na juu yetu kuna boila, jenereta mbili, mashine za kukamua mawese, mtambo wa sabuni na lile Joka.

Joka unalikumbuka. Bado ni lile lile, parafujo ndefu ya chuma iliyolala ndani ya handaki lake, inazunguka na kusukuma chikichi zilizochemshwa ziende kukamuliwa. Beringi yake ya mwisho inakufa kila wiki tatu. Nimebadilisha nne tangu Novemba.

Lakini usidhani nalia. Ungemwona Jeremia! Ana miaka hamsini na nane na anapanda ngazi ya boila akipiga mluzi. Juzi pampu ya maji baridi ilivuja na stoo haikuwa na mpira wa kuzibia. Akavua ndala yake ya kulia, akakata duara kwa kisu, akaziba, pampu ikanyamaza. Akarudi nyumbani na ndala moja, anawasalimu watu njia nzima kama bwana harusi. Mimi nikifika umri ule sijui kama nitaweza hata kuinama.

Wazee wa hapa wakikutaja sauti inabadilika. Jina lako bado lipo kwenye ukuta wa karakana kwa rangi nyekundu: VEREDIANA, FUNDI MKUU. Wanasimulia jinsi ulivyokuwa ukigusisha bisibisi kwenye beringi, ukang'ata mpini, ukafumba macho, halafu ukasema, "Hii imebakiza siku nne." Na siku ya nne inakufa kweli. Nimejaribu mara tatu. Nimeambulia ladha ya grisi.

Nina swali moja ambalo nikiwauliza wazee wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Fundi kama wewe aliondokaje kiwandani siku moja bila hata kuagwa? Na mbona miaka kumi na mitatu hujakanyaga Kigoma, hata harusini kwangu?

Mwanao,
Eliudi


Ilagala, 21 Februari 2024

Baba yangu Eliudi,

Marahaba. Nakuita baba kwa sababu umebeba jina la baba yangu, si kwa sababu una akili zake. Beringi nne! Baba angelia.

Mguu unaendelea vizuri. Muhogo umekubali, mahindi ya upande wa mto wameyamaliza viboko, nami nimewaachia maana siwezi kugombana na mnyama mwenye mdomo mkubwa kuliko wangu. Mtoto mpe kipande cha muhogo mkavu atafune, aache bega la mfanyakazi. Recho mwambie kitenge kimefika na nimekivaa kanisani, watu wakaniuliza nimeolewa lini.

Sasa sikiliza. Beringi haifi bure. Kabla hujafunga ya tano, tafuta uzi wa nailoni wa wavuvi, ufunge mwanzo wa Joka, uvute mpaka mwisho, ukaze. Tazama mhimili kwa jicho moja. Nina hakika utaona umepinda kama kidole changu cha mwisho. Kuna mguu wa chuma upande wa mtoni ambao hudidimia mvua zikizidi, ulikuwa hivyo tangu mwaka niliofika. Uinue, weka vipande vya bati chini yake, kisha ndipo ufunge beringi. Na grisi ipake kwa kiasi, hupiki maandazi.

Mzee Jeremia msalimie. Nilimfundisha kushika spana akiwa bado anaogopa jenereta. Mwambie mimi nasema ndala ni wazo zuri, ila abadilishe kabla ya miezi miwili.

Ulichouliza mwishoni nimekisoma. Masikio yalinichosha, nikarudi shamba. Kigoma mna kelele.

Shangazi yako,
Verediana


Ujiji, 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, na muhogo umefanya kazi, sasa mtoto anamng'ata mbuzi wa jirani tu. Recho kacheka habari ya kitenge mpaka akaungua na uji.

Uzi! Nimevuta uzi na Joka lilikuwa limepinda kiasi cha unene wa kidole gumba. Nimeinua mguu ule ule wa upande wa mtoni. Leo ni wiki ya nne na beringi inazunguka kimya. Waendesha mashine walinipigia makofi, nikawaambia makofi yapelekwe Ilagala.

Sasa habari isiyo nzuri. Tarehe mbili Jeremia aliinua mota ya pampu peke yake kwa sababu mimi nilikuwa juu ya boila. Mgongo ukakataa. Walimbeba kwenda hospitali akiwa ameacha kufuli lake kwenye swichi kuu ya Joka, ambako alikuwa akisafisha kabla ya hapo, na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Unajua utaratibu: fundi akiingia kwenye mashine anafunga swichi kwa kufuli lake, na hakuna mwingine wa kulifungua. Basi Joka lilikaa limefungwa kwa muda wa saa sita mpaka nikapata nafasi ya kuufuata ule ufunguo wodini. Chikichi zilizochemshwa zikachacha. Kina mama waliozileta kwa baiskeli kutoka vijijini walikaa getini kutwa nzima na watoto mgongoni. Mimi niliona aibu kupita mbele yao.

Kwa hiyo Meneja Bariki ameleta wazo. Ametengeneza ubao wa misumari ofisini kwake, anataka kila fundi atundike pale ufunguo wa pili wa kufuli lake, ili likitokea la kutokea kazi isisimame. Si mtu mbaya, Shangazi. Ametoka Moshi, ameacha familia kule, na kila mwisho wa mwezi wenye kiwanda wanamuuliza yeye. Ameomba mafundi wanne, akajibiwa asubiri.

Jeremia alinisimulia kwamba zamani fundi mpya akikabidhiwa kufuli, wenzake wanamsindikiza baada ya kazi mpaka ufukweni hapa Ujiji, anautupa ufunguo wa pili ziwani mbele yao, kisha wote mnakula samaki, migebuka. Nimelipenda jambo hilo. Wangu haukutupwa. Siku niliyoajiriwa mashine tatu zilikuwa zimesimama, nani angenisindikiza? Uko nyumbani kwenye kikombe cha Recho. Nadhani nitautundika ofisini tu. Sasa niko peke yangu, na nikianguka mimi atafungua nani? Unaonaje?

Halafu masikio yangu yanalia kidogo jioni, kama nzi kwenye chupa. Sijamwambia mtu. Wakinipumzisha nani atabaki?

Mwanao,
Eliudi


Ilagala, 2 Aprili 2024

Eliudi,

Usitundike huo ufunguo. Usiutundike ofisini, usiutundike karakana, usimpe Meneja hata akikupigia magoti. Nenda ufukweni ukautupe leo.

Na hayo masikio mwambie daktari. Usiyafiche.

Jeremia mpe pole. Namtumia mawese, debe dogo lililofungwa kwa jani ni lake, kubwa ni la Recho.

Verediana


Ujiji, 28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe mbili nimeipata tarehe ishirini na nne. Mama Jovita alipata msiba Kalya, akakaa huko wiki tatu na barua yako ndani ya kikapu chake. Mawese yamefika, Jeremia analia kila akiyaonja, sijui ni mgongo au ni wewe. Mtoto anasimama akishika ukuta.

Lakini nimeumia kidogo, nisikufiche. Nimekuandikia kurasa mbili, nawe umenijibu kama unafukuza kuku. Usitundike, usimpe, katupe. Mimi si mtoto tena. Ufunguo niliutundika tarehe ishirini Machi, na nilifikiri kabla ya kuutundika. Niko peke yangu, Shangazi. Naingia alfajiri na kutoka jua limeshazama. Wiki iliyopita mtoto alipata homa nikakimbia nyumbani na kufuli langu nikaliacha kwenye swichi. Wakalifungua kwa ule ufunguo wa ofisini, kazi ikaendelea, hakuna aliyekaa getini. Hilo ni baya?

Ngoja nikuchekeshe. Jumanne nilikuwa ndani ya handaki la Joka, nimelala kifudifudi nachokoa makapi yaliyoganda. Nilivua viatu maana mle ndani mafuta yanateleza. Mwendesha mashine mmoja aliona mtu mwenye ovaroli la bluu anavuka uwanja akadhani ni mimi nakwenda kula. Akaenda ofisini, akachukua ufunguo, akafungua kufuli langu, akashika mkono wa swichi. Halafu akaona viatu. Akauliza kwa sauti, "Viatu vya nani hivi?" Nami nikajibu kutoka chini, "Vya kwako kama vinakutosha!" Tulicheka mpaka machozi. Baadaye nilikaa kidogo kwenye kivuli kabla ya kuendelea.

Kama una sababu, nipe. Ukinipa nitakusikiliza kuliko mtu yeyote duniani. Usiponipa, basi na mimi niachie kazi yangu.

Mwanao,
Eliudi


Ilagala, 9 Mei 2024

Baba yangu,

Leo sina salamu ndefu. Nimeisoma habari ya viatu vyako. Kisha nikakaa na karatasi hii kuanzia asubuhi mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa. Barua hii nimempa Mama Jovita mbele ya mume wake, na nimemwambia asipoileta wiki hii sitamuuzia mawese tena maishani.

Umeomba sababu. Inaitwa Adolf.

Mwaka 2011 tulikuwa tumepunguka kutoka tisa hadi wanne. Adolf ndiye aliyekuwa mwenzangu wa karibu, kijana mwenye sauti kubwa, akicheka karakana wanasikia getini. Kama ninyi, tulichoka. Kama ninyi, tulihurumiana. Tukapiga msumari nyuma ya mlango wa karakana tukatundika funguo za pili, ili mtu akikimbilia mgonjwa nyumbani mwenzake amfungulie. Ilikuwa huruma, Eliudi. Hatukuwa wazembe. Mimi nilikuwa fundi mkuu na niliruhusu.

Siku hiyo Adolf alifunga kufuli lake kwenye swichi ya Joka. Baadaye nilipita nikaona baiskeli yake haipo. Nikajua amekwenda kula akasahau kufuli. Kumbe kuna mtu alikuwa ameiazima. Chikichi zilikuwa zinachacha. Nikachukua ufunguo wake kwenye msumari, nikafungua, nikavuta mkono wa swichi.

Alikuwa ndani. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye parafujo.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia padri. Watu wote waliokuwepo wanasema Adolf alipiga kelele mara mbili kabla sijawasha, aliposikia kufuli linafunguliwa. "Niko ndani! Niko ndani!" Mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote kiwandani, hatua sita kutoka niliposimama. Mimi sikusikia kitu. Masikio yangu yalikuwa yamekufa miaka miwili kabla ya siku ile, na nilificha. Nilisoma midomo ya watu. Nilijifanya nawaza nikiitwa. Ile bisibisi mnayoisimulia, ule mpini niliokuwa naung'ata, mlidhani ni ufundi. Nilikuwa natafuta kwa meno mtetemo ambao masikio hayakuweza kunipa. Nilificha kwa sababu ile ile uliyoniandikia wewe mwezi wa tatu: wakinipumzisha, nani atabaki?

Adolf walimkata mkono juu ya kiwiko. Nilikwenda hospitali mara moja. Nilisimama mlangoni, nikamwona amelala na ile shuka upande mmoja imelala bapa, nikageuka. Nikapanda boti. Sijui yuko wapi, sijui kama yu hai, na Kigoma siji kwa sababu naogopa kumkuta njiani.

Umenisifu katika kila barua na mimi nimezipokea sifa hizo kama mwizi. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki ananiona fundi. Sasa na hilo nimelipoteza, basi. Futa jina langu pale ukutani. Lakini chukua huo ufunguo kwenye ubao wao.

Verediana


Ujiji, 30 Juni 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Najua umesubiri wiki saba. Barua ilifika kwa wakati, Mama Jovita aliileta mpaka getini anahema. Niliisoma nimeegemea mtungi wa maji. Siku hiyo hiyo nilikwenda ofisini nikachukua ufunguo wangu kwenye ubao, hilo sikuchelewa hata saa moja. Kilichochelewa ni kalamu. Nilikuwa na hasira nawe, nikalala nayo siku kadhaa. Kisha nikaona siwezi kukujibu kabla sijamwona yeye.

Yu hai. Jeremia alijua aliko miaka yote, hakuna aliyewahi kumuuliza. Yuko Kibirizi, anaita abiria wa boti. Nilikwenda Jumapili moja baada ya misa. Nilimsikia kabla sijamwona, anaita watu wa Kagunga, na hata wasiokwenda Kagunga walikuwa wanageuka. Mtu mnene, shati safi, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa kaka yake Verediana aliwaacha abiria wake. Akanisalimu kwa Kiha kama mwanawe, "Mwakeye, mwana wanje," akanikalisha kwenye gunia la dagaa, akaagiza chai.

Nilimsomea barua yako. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Alisikiliza anatazama maji. Nilipofika penye msumari akanikatiza.

"Hapo amedanganya," akasema. "Ule msumari niliugonga mimi. Yeye alikataa wiki mbili nzima. Nilimwambia mama yangu anaumwa, nitakuwa nakimbia nyumbani kila siku, nikamsumbua mpaka akachoka. Na ufunguo wangu niliutundika mimi kwa mkono huu." Akatazama upande ambao hauna mkono, akacheka kidogo. "Naam, ule mwingine."

Kisha akaniambia ambayo wewe hukuyaandika. Kwamba ulipoona watu wanakimbia ulielewa kabla ya wote, ukarudisha swichi, ukaruka ndani ya handaki, ukashika ile spana ndefu na kuizungusha parafujo kurudi nyuma peke yako, kazi ambayo wanaume watatu huifanya kwa kupokezana. Kwamba ulimfunga mkono kwa mkanda wa kitenge chako na kumbeba wewe mpaka kwenye gari. Kwamba daktari alimwambia dakika tano zaidi angekufa. "Mwambie nilimwona pale mlangoni," akasema. "Nilitaka kumwita. Sauti hii yote, siku ile haikutoka. Na hata ingetoka, sasa ndiyo najua kwa nini asingegeuka."

Hakuwa anajua habari ya masikio, Shangazi. Miaka kumi na mitatu alidhani ulisikia ukapuuza, au ulichanganyikiwa, kila mwaka dhana yake. Alifuta uso kwa kofia. Akasema, "Basi ilikuwa hivyo tu," akaniuliza kama unakula vizuri.

Sasa ya kiwandani. Meneja Bariki aliniita kuniuliza kwa nini ubao hauna ufunguo. Sikubishana naye. Nilimwomba ashuke nami kwenye Joka. Nikamwambia avue viatu, alale kifudifudi pale ninapolala, na kabla ya hapo afunge swichi yeye mwenyewe kwa kufuli langu, ufunguo aweke mfukoni. Alifanya hivyo na suruali yake ya ofisini, namheshimu kwa hilo, mameneja wangapi wangekubali? Alipokuwa chini, nilisogea kwenye swichi. Nikautoa ufunguo wa pili, nikaugonga gonga kwenye mlango wa swichi. Kli, kli, kli. Kisha nikafungua kufuli, nikalirudishia palepale bila kugusa kitu kingine.

Alitoka mle akiwa amelowa jasho. Aliufuata ubao mwenyewe akaung'oa ukutani. Jioni aliwaandikia wenye kiwanda barua ambayo alinionyesha, kali kuliko ulizoniandikia wewe. Aliomba tena mafundi wanne. Wametupa mmoja. Anaitwa Erica, ametoka chuo cha ufundi cha VETA juzi, mdogo kwa umbo, lakini wiki ya kwanza aligundua jenereta ya pili inakunywa mafuta bure, jambo ambalo mimi na Jeremia tulikuwa tumelizoea. Jeremia naye amerudi, amekatazwa kuinua, basi anakaa kwenye kiti anatuamrisha. Bado hatutoshi. Lakini tumekubaliana kwa maandishi: kufuli la fundi likiwa kwenye swichi, Joka linasubiri, na chikichi zikichacha Meneja mwenyewe ndiye atakwenda getini kuwaeleza kina mama.

Jana baada ya kazi tulishuka ufukweni. Erica akautupa ufunguo wake wa pili, nami nikautupa wangu, nimechelewa miaka mitatu. Adolf alikuja kutoka Kibirizi kwa bodaboda kutushuhudia. Wangu ulikwenda mbali, wa Erica ulikwenda mbali zaidi. Tukala migebuka.

Daktari amenipima masikio. Yamepungua kidogo, hayajafa. Sasa navaa vizibo, na Recho analalamika kwamba navisahau masikioni nyumbani makusudi.

Jina lako sikulifuta. Jeremia ameongeza rangi maana nyekundu ilikuwa imefifia, na chini yake Erica ameandika la Adolf. Wewe uliniambia jambo ambalo lingeweza kukupotezea mpwa ili mpwa asipoteze mkono. Sijui fundi mkubwa ni yupi kama si huyo.

Adolf ana ombi. Anasema usimwandikie. Anataka uje.

Mwanao,
Eliudi


Ilagala, 8 Julai 2024

Baba yangu Eliudi,

Marahaba zote mbili. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo, nimeibandika kwa ugali.

Kuhusu ule msumari, Adolf anajitwisha lawama ili mimi nipumzike. Au mimi ndiye nimesahau. Tutabishana ana kwa ana.

Shamba nimemwachia jirani. Viboko nimewaaga. Nakuja Jumamosi na boti ya Mama Jovita mpaka Kibirizi, nina mawese madebe matatu, muhogo, na kuku mmoja mwenye kiburi kama Jeremia. Mwambie Recho nitavaa kile kitenge. Mwambie Erica aandae bisibisi, nataka kumwonyesha jinsi ya kung'ata mpini, kisha nimwonye asije akauhitaji.

Adolf mwambie nimezeeka, asitafute yule mwanamke wa zamani. Na mwambie asihangaike kuniita jina nikiwa kwenye boti, atachosha koo bure. Asimame mbele, mahali pa wazi, anipungie mkono. Huo alio nao unatosha, nitauona.

Shangazi yako,
Verediana